Kupigana si Kucheza
Huko Lamu husemwa kwamba vijana "wanacheza" kirumbizi, si kwamba "wanapigana", ijapokuwa fimbo hugongana kweli. Nami, niliye mwanaisimu, naona hekima katika kitenzi hicho: mchezo una duara lake, ngoma yake na mipaka yake. Mashindano madogo ya karate na ya ngumi na mateke yapimwe kwa kipimo hicho. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 hutaka vyama vya michezo visajiliwe. Lakini cheti hakifungi jeraha. Kijana akizirai Siyu, kisiwani Pate, sharti avushwe bahari ili afikishwe Hospitali ya King Fahd, Lamu. Basi kibali kisitolewe pasipo mwamuzi, tabibu na mashua inayongoja. Walimu, tusiwaruhusu wanafunzi wetu kuingia ulingoni kabla ya hayo.