Saa ya Seva Nayo ni Haki ya Raia

Tumezoea kudai haki zenye majina makubwa: ardhi, ajira, kura. Leo nadai haki isiyopigiwa kelele: saa sahihi katika kompyuta za umma.

Mwanafunzi wangu alilipia na kuwasilisha maombi katika mfumo wa taasisi moja kabla ya saa 6 usiku. Ujumbe wa malipo uliomfikia papo hapo ulionyesha saa 5:54. Mfumo ukamwandika saa 6:03 na kumtupa nje. Alipolalamika, akajibiwa kwamba mfumo hausemi uongo. Nami nasema mfumo husema uongo, tena uongo wenye muhuri.

Dawa ya maradhi haya si ngeni. Itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ilichapishwa mwaka 1985. Kompyuta huiuliza seva ya saa, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha hujirekebisha. Swali hilo hupita kwa UDP, mlango namba 123, na mlango huo ndio wakuu wengi wa mitandao huufunga.

Sababu wanayo. Mwaka 2014 wahalifu walizitumia seva za saa zilizojibu kila mgeni kukuza mashambulizi makubwa. Lakini kuuliza saa si kujibu dunia nzima. Kumzuia mgonjwa asiende zahanati kwa hofu ya wezi hakuitwi ulinzi.

Fundi naye akiitwa hupiga ping, akapata jibu, akatangaza kuwa njia ni nzima. Hoja hiyo ni batili: ping haipiti mlango huo. Mwingine hujaribu telnet, inayotumia TCP, ilhali saa husafiri kwa UDP. Aandike amri ya ntpq -p, asome safu ya reach: 0 maana yake hakuna jibu lililofika, 377 maana yake majaribio manane ya mwisho yote yamejibiwa. Saa ikipotoka kwa zaidi ya sekunde 1000, ntpd kwa kawaida hujizima badala ya kuirekebisha. Hapo fundi huiweka saa kwa mkono huku akitazama simu yake, na kosa huanza kukua upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nadai mambo matatu. Kila taasisi iwe na seva ya saa ya ndani, nayo pekee iruhusiwe kuuliza nje. Kumbukumbu za tofauti ya saa zihifadhiwe na zikaguliwe. Na asihukumiwe raia kwa dakika ambazo taasisi haiwezi kuzithibitisha.

Ndugu watumishi wa umma, anayemnyima mtu haki kwa kigezo cha saa ana wajibu wa kuthibitisha kwanza kwamba saa yake ni sahihi.