Kabla ya Kuitupa Kompyuta, Jua Inasubiri Nini
KAULI YA WIKI, na Rehema Ekai

Siku ya mnada wa mifugo hapa Oldonyiro watu hawaji kuuza mbuzi tu. Aliyetoka upande wa Kipsing na ng'ombe wake hupitia pia saiba, kwa kuwa ana mtoto anayeomba mkopo wa HELB, au cheti cha kuzaliwa anachokifuatilia kwenye eCitizen, au amesahau nywila yake ya KRA na tarehe 30 Juni, mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, inakaribia. Anakuta foleni. Kijana wa saiba amebonyeza kitufe cha kuwasha, nembo ya Windows imetokea, vidoa vinazunguka na kuzunguka. "Ngoja kidogo mama, mashine inaamka." Hata ikishaamka, dakika kadhaa hupita kabla kipanya hakijaitika.

Hukumu huwa tayari: kompyuta imezeeka, itafutwe nyingine. Naipinga hukumu hiyo, na naipinga zaidi inapotolewa na mkuu wa shule au mtu wa ofisi ya umma anayetumia pesa zetu. Kompyuta inayochelewa kuwaka inasubiri kitu fulani, na mara nyingi kitu hicho kinaweza kutajwa kwa jina. Mfugaji wa hapa akiona ng'ombe anachechemea huinua kwato kwanza atafute mwiba. Kompyuta nayo tuipe heshima hiyo.

Swali la kwanza ni inakwama wapi. Ikikwama kabla ya nembo ya Windows kutokea, usihangaike na programu, maana Windows yenyewe haijaanza kazi. Chomoa flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, uangalie mpangilio wa kuwaka, kwa sababu kompyuta nyingi zilizotoka maofisini Ulaya zilipangwa zitafute mtandao wa ofisi kwanza ndipo zigeukie diski. Zikifika huku hutafuta seva isiyokuwepo, zikasubiri hadi muda uishe, kila asubuhi. Kisha kuna betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu, yenye upana wa milimita 20. Ikifa, mashine husahau tarehe na mpangilio wake, husimama ikidai ubonyeze F1, na hata ikiwaka, tovuti zinaikataa kwa kuwa saa yake iko miaka ya nyuma na vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinaonekana si halali. Nimesikia watu wakiulaumu mnara wa simu kwa kosa la betri hiyo.

Ikikwama baada ya nembo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Usiondoke hapo haraka. Tazama safu za CPU, Memory na Disk. Katika kompyuta za mitumba tulizonazo, picha ya kawaida ni hii: CPU iko chini, haifanyi kazi ya maana, na Disk imesimama kwenye asilimia 100, nyekundu, haishuki. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, na katika vipakatalishi vingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande mkono wa diski lazima uhame na sahani ifike mahali pake. Ubongo wa kompyuta ni mzima kabisa, ila umekaa unangoja. Diski ya SSD haina sahani wala mkono, na kipande kilekile hukisoma kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Fundi akiiweka badala ya ile ya zamani, mashine iliyokuwa ikichukua dakika nyingi kwa kawaida huwaka ndani ya dakika moja, na bei ya diski hiyo ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya.

Kabla ya kununua chochote, fungua sehemu ya Startup katika dirisha hilohilo. Utakuta orodha ya programu zinazojianzisha zenyewe, na kando yake Windows imeandika kila moja inachelewesha kiasi gani. Skype, Teams, OneDrive, Spotify, kisaidizi cha printa ambayo saiba hiyo haina tena. Zima usizozihitaji, huzifuti. Antivairasi usiizime, lakini zikiwa mbili ondoa moja, maana kila faili ambayo moja inaifungua, nyingine nayo inataka kuikagua.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwalimu wa kompyuta alijue. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kubofya Shut down hakuzimi kila kitu. Katika mashine nyingi mfumo huhifadhi kiini chake kwenye diski ili uwake haraka kesho, na pamoja nacho unahifadhi hitilafu zilizokuwepo. Nenda Task Manager, sehemu ya Performance, ubofye CPU, usome mstari wa Up time. Mashine inayozimwa kila jioni yaweza kuonyesha siku kadhaa bila kuanza upya. Kinachoianzisha upya kwa kweli ni Restart. Ni dawa isiyogharimu hata shilingi, lakini watu wengi hulipia fundi kabla ya kuijaribu.

Masasisho nayo yana shida yake huku kwetu. Windows huanza kupakua furushi kubwa kupitia bando la simu, bando linaisha au mtandao unakatika, na mashine ikiwashwa tena inarudia kazi hiyohiyo huku mteja amesimama. Iambie mashine kwamba intaneti yako hulipiwa kwa kipimo, mpangilio wa Metered connection, kisha mara moja kwa mwezi ipeleke penye mtandao mzuri imalize masasisho yake yote. Usiyazuie kabisa, kwa kuwa kompyuta ya saiba hupitiwa na vitambulisho na nywila za kijiji kizima.

Hapo ndipo suala la Windows 10 linapoingia. Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za ex-UK zinashindwa mtihani huo. Hata hivyo zinaweza kupokea mfumo wa Linux Mint, usiolipiwa na usio mzito. eCitizen, KRA na HELB vyote hufunguka kwenye kivinjari, na barua huandikwa kwa LibreOffice. Kwa saiba ya Oldonyiro hiyo ni sehemu kubwa ya kazi ya siku.

Nasema haya yote kwa sababu ya watoto pia. Somo la sekondari ni dakika 40. Mashine zikichukua dakika kumi kuwa tayari, robo ya somo imekwenda, na mahali panapotegemea sola, betri nayo imeliwa bure. Mtoto anayegusa kompyuta mara moja kwa wiki akipoteza robo hiyo muhula mzima, msimwite mzembe wa teknolojia.

Nchi hii imejua kununua. Tangu mwaka 2016 mradi wa serikali wa elimu ya kidijitali umesambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alizindua zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye eCitizen, na tangu hapo kukosa kompyuta inayowaka ni kukosa serikali. Lakini vifaa vinapopokelewa kwa hotuba, nani amewahi kusikia mgeni rasmi akitaja atakayevitengeneza?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti ipeleke makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima wasikilizwe kabla ya hapo. Vikao vikifika wadi yetu tutadai barabara na maji, kama ilivyo haki yetu. Nitasimama pia nidai mstari mmoja mdogo: SSD, RAM (ile Memory ya Task Manager) na betri za CR2032 kwa kila maabara ya shule na ofisi ya umma ya wadi, pamoja na posho ya vijana wetu waliosomea kompyuta, wazunguke Oldonyiro na Kipsing kila muhula kukagua kompyuta. Na kabla ya kompyuta yoyote mpya kununuliwa kwa jina letu, tuonyeshwe maandishi ya fundi yanayosema ile ya zamani ilikuwa inasubiri nini.