Uchafu ni wa Nani?

Ndugu msomaji, mtaje nyungunyungu mbele ya watu wa mjini, utaona wanavyokunja pua. Hebu basi tuulizane: kati ya mdudu huyo na sisi, mchafu ni nani?

Watu wa pwani tumezoea kumdharau mtu wa bara na jembe lake. Wafipa wa Sumbawanga, mvua zinapokaribia kwisha, hukata udongo pamoja na majani yake wakayafunika ndani ya kilima cha mviringo, nao hukiita intumba. Juu hupanda maharage, chini majani yanaoza. Mvua mpya zikija, vilima hubomolewa, udongo hutandazwa, hupandwa ulezi au mahindi. Nyasi ambazo mwingine angezitia moto, wao huilisha ardhi. Miaka ya 1970 Rukwa ikahimizwa kulima mahindi kwa mbolea ya magunia yenye ruzuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ikaondolewa. Aliyekuwa ameisahau intumba alibaki na gunia tupu.

Na sisi je? Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893. Katika jani zima, nyuzi ni kama asilimia 4 tu! Yaliyobaki ni makapi na maji makali, na kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni. Ni israfu gani hii? Huko Hale ulizinduliwa mwaka 2008 mtambo wa kutoa gesi na umeme katika makapi hayo, nayo masalio ya gesi ni mbolea. Makapi yakiozeshwa kwanza, yakapoa, yakachanganywa na samadi, yakawekwa kivulini penye unyevu, nyungunyungu huyala, na kwa miezi miwili mitatu huyageuza mboji nyeusi isiyonuka. Ukiwatia kabla hayajapoa, joto litawaua wote.

Lakini hapa pana mlango wa hila. Mwenye kiwanda atasema, “Takataka zangu nimezitia nyungunyungu, sasa ni safi.” Si kweli! Risasi haiozi, wala kadimi haiozi. Hubaki katika mbolea, au huingia mwilini mwa mdudu, kisha mwa kuku amdonoaye, kisha chunguni mwako. Makapi ya mkonge, maganda ya kahawa na mabaki ya miwa, sawa. Ngozi zilizotiwa kromu, mafuta machafu na betri, hapana. Anayekuuzia mboji muulize imetoka kiwanda gani, na umwulize kabla hujaitia katika mchicha wa wanao.