Michezo ya vita vya baharini inaidanganya meli ya mizinga

Penye simu moja na vijana watano, ubishi hauchelewi. Mmoja anachagua manowari kubwa ya mizinga kwa sababu ina chuma kinene na midomo ya mizinga inayojaza kioo chote. Mwingine anachagua meli ya kubeba ndege, na hapo wenzake wanamwita mwoga: anakaa mbali, anatuma ndege, yeye hapigwi. Kelele hiyo inasikika mjini, na inasikika vilevile kwenyi kambi za wakimbizi wa ndani, siku ambayo betri na mega vinatosha. Wanaomwita mwoga wanaweza kukasirika kama wachezaji. Kama ni habari ya vita, wamekosea, na mchezo wenyewe ndio uliowakosesha.

Chukua Yamato ya Wajapani. Ilikuwa na mizinga 9 yenye mdomo wa sentimita 46, na risasi yake iliweza kuruka zaidi ya kilomita 40. Hakuna meli ya mizinga nzito kuliko hiyo iliyowahi kujengwa. Tarehe 7 Aprili 1945 ndege zilizotoka kwenyi meli za Wamarekani ziliizamisha katika muda wa saa mbili hivi, na mizinga ile mikubwa haikupata hata manowari moja ya adui ya kuipiga. Watu wapata 3,000 walikufa. Miaka mitatu nyuma, Mei 1942, kwenyi bahari ya Coral, Wamarekani na Wajapani walipigana siku kadhaa na meli za pande mbili hazikuonana hata kidogo. Ndege ndizo zilizokwenda na kurudi. Watu waliokimbia kijiji bila kumuona aliyerusha bomu hawahitaji kuelezwa jambo hilo; watoto wao pia wanalijua.

Sasa, mtengenezaji wa mchezo afanye nini? Akiweka umbali wa kweli, kijana mwenye meli ya mizinga atatembea dakika ishirini kwenyi maji matupu, halafu atazama bila kupiga risasi. Kesho hatarudi. Ndiyo maana World of Warships, uliotoka mwaka 2015, unabana bahari hadi meli zikutane kwa macho, na unapunguza hesabu ya meli za ndege katika pambano moja. Mwanzoni mwa 2019 waliubadilisha tena: mchezaji wa meli ya ndege akaacha kuongoza makundi mengi kutoka juu, akaanza kurusha kundi moja yeye mwenyewe. Ugomvi haukuisha. Hautaisha pia, kwa sababu mchezo ule unataka mambo mawili yasiyokaa pamoja: umfurahishe mwenye mizinga, tena uonekane kama vita ya kweli. Kuna michezo ya kompyuta iliyo karibu zaidi na ukweli. Hearts of Iron IV unahesabu mafuta, na unaiadhibu meli kubwa inayotoka bila meli ndogo za kuilinda. Lakini huo unataka kompyuta nzuri na umeme wa masaa mengi, basi wengi hapa wanausikia tu.

Wanaopenda mizinga wana neno moja zito la kujibu, na lisikilizwe. Tarehe 8 Juni 1940, karibu na Norway, meli ya ndege ya Waingereza iitwayo Glorious ilikutwa na manowari mbili za Wajerumani, Scharnhorst na Gneisenau. Hakuna ndege yake hata moja iliyokuwa angani kuchungulia. Ilizamishwa kwa mizinga, pamoja na meli mbili ndogo zilizoisindikiza, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Meli ya ndege isiyo na jicho juu ni pipa la mafuta linaloelea. Na mwaka uliofuata, Bismarck ya Wajerumani ilivunjwa usukani na ndege kuukuu za Waingereza, zenye mabawa ya kitambaa, lakini mizinga ndiyo iliyoivunjavunja kesho yake asubuhi. Ndege ilimkata mguu, mizinga ikammaliza. Mchezo unaomlazimisha kijana achague kimoja na kudharau kingine unamfundisha nusu ya habari.

Hata hapa nyumbani jambo hilo lilipita. Mwaka 1916, kwenyi ziwa Tanganyika, meli ya Wajerumani Graf von Götzen ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, na iliogopwa kwa mzinga wake. Wabelgiji walileta ndege nne za kutua juu ya maji, zilizotoka kwa Waingereza, zikaruka kutoka ufuko wa Kongo na kurusha mabomu juu ya Kigoma. Wakati huo mzinga mkubwa ulikuwa umekwisha kushushwa na kupelekwa vitani kwenyi nchi kavu. Mahali pake paliwekwa wa mti. Kumbe watu walikuwa wanaogopa kibao! Julai mwaka ule Wajerumani waliizamisha meli wao wenyewe, kwa sababu askari wa miguu walikuwa wanakaribia. Baadaye iliinuliwa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria na mizigo, na baadaye hata wakimbizi.

Wako wazazi wasiopenda mtoto aliyekimbia bomu acheze bomu. Ni haki yao. Kwa wasiokataa, mchezo ulio bora hauhitaji simu: ule wa daftari na biki, miraba kumi kwa kumi, kila mtu anaficha meli zake na mwenzake anataja mraba mmoja mmoja. Huo nao una kosa lake, na la ajabu. Meli ya ndege ina miraba mitano na haina ndege yoyote. Ni windo kubwa tu. Meli ya mizinga ina minne na haipigi zaidi ya mashua.

Sheria mbili zinatosha kuurekebisha. Ya kwanza: meli ya ndege ikiwa bado haijazama, mwenyewe anaweza, kila zamu ya tatu, kuacha kupiga na kutuma ndege. Anataja mraba, na mwenzake lazima aseme ndiyo au hapana: je, kuna kipande cha meli katika mraba huo au katika miraba inayouzunguka? Hatasema ni wapi. Ya pili: meli ya mizinga ikiwa bado haijazama, kila zamu ambayo risasi ya mwenyewe inapata, anaongezewa risasi moja. Meli ikizama, haki yake inazama nayo. Ndege inayotumwa pembeni mwa karatasi inaona miraba minne tu, basi wajanja wataanza kuficha meli zao kwenyi pembe, na wenye kuwinda watajua mahali pa kuanzia.