Usitupe programu ya shamba kwa sababu umenunua ERP

Siku hizi vijana wengi mnaniuliza, "Bwana shamba, ninunue ERP gani?" Kwa asiyelijua jina hilo, ni programu moja inayobeba stoo, manunuzi, mauzo, mishahara na hesabu za biashara nzima. Odoo ni mojawapo, ERPNext nyingine, na zote mbili zina toleo lisilolipiwa leseni. Sina ugomvi nazo kabisa. Ninachokataa ni ile ahadi ya muuzaji kwamba ukishaichukua, vingine vyote tupa.

Programu ya hesabu inajua umenunua lita 5 za dawa na lita 2 zimetoka stoo. Basi. Zilipuliziwa kipande kipi, na mvunaji anatakiwa kusubiri siku ngapi, haijui. Hiyo ni kazi ya programu ya kumbukumbu za shamba kama farmOS, au hata daftari la mpuliziaji.

Tuseme una parachichi Njombe. Kipande B3 kimepuliziwa tarehe 3, dawa ina siku 14 za kusubiri, maana yake huvuni kabla ya tarehe 17. Tarehe 10 mnunuzi anapiga simu, anataka mzigo haraka. Karani anafungua ERP, anaona B3 ina matunda, anatoa ankara. Programu mbili, hazisemezani! Mzigo ukifika Ulaya ukapimwa na mabaki ya dawa yakazidi kiwango, hasara si ya programu, ni yako. Na mnunuzi hatarudi.

Kwa hiyo ziunganishe. Lakini jamani, msikimbilie kumlipa fundi wa kuandika kodi. Anzeni na majina. Nimekuta shamba moja mahali pamoja pana majina matatu: shambani panaitwa B3, stoo "Shamba la Juu", kwa mhasibu "Parachichi 2". Mashine haina akili ya kukisia kwamba ni pale pale. Vipimo vilevile: mifuko 20 ya chakula cha kuku ya kilo 50 ni kilo 1,000. Programu moja ikituma "20" na nyingine ikaipokea kama kilo, stoo yako imekauka kwenye karatasi huku banda limejaa magunia.

Halafu amueni nani ni mwenye taarifa ipi. Tarehe ya kupulizia iandikwe kwenye programu ya shamba tu, bei iandikwe kwenye ERP tu. Zikiandikwa kote kote, siku moja zitatofautiana na hamtajua muamini ipi.

Malipo ya simu yana mtego wake. Mtandao ukikatika, taarifa ya muamala mmoja inaweza kutumwa mara mbili, na mteja akaonekana amelipa maradufu. Dawa yake ni namba ya muamala: ERP ikiiona tayari ipo, iikatae ya pili. Mwulizeni fundi wenu kama ameliweka hilo. Wengi huwa hawajaliweka.

Kwa mwenye ekari chache, maoni yangu ni kwamba faili la Excel kila Ijumaa linatosha kabisa kwa msimu wa kwanza. Unalitoa kwenye programu ya shamba, unaliingiza kwenye ERP, unakagua kwa macho yako. Mzigo ukiwa unatoka kila siku, hapo ndipo kuziunganisha moja kwa moja kunalipa, maana Ijumaa ni mbali mno kwa kipande kilichopuliziwa Jumanne.

Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akutolee data zote za majaribio hapo hapo mbele yako, kwenye faili unaloweza kulifungua mwenyewe. Akianza kusema mpaka awasiliane na ofisi yao kwanza, mshukuru kwa muda wake, mtafute mwingine.