Mikono juu ya kichwa cha mtoto

Wazazi wengi wakitaka mtoto ajue kusali humpeleka kwa walimu wa dini. Katika familia za Kiyahudi zinazoshika dini, mwalimu wa kwanza ni mzazi, na darasa ni kitanda cha mtoto.

Kabla ya kulala, mtoto husema Shema, tamko fupi kwamba Mungu ni mmoja. Hufunika macho kwa mkono wa kulia ili asivutwe na kitu kingine. Tamko hilo limo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, na sura hiyo hiyo inamwagiza mzazi awafundishe watoto nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Asubuhi, akiwa bado kitandani, mtoto hushukuru kwa kurudishiwa uhai. Sala hiyo, Mode Ani, ni fupi mno, na kwa kuwa jina la Mungu halitajwi ndani yake, husemwa hata kabla ya kunawa mikono.

Je, mtoto wa miaka mitatu anaelewa? Si yote. Wayahudi wana neno kavana, yaani kuelekeza moyo kwenye kile ambacho mdomo unasema. Hiyo huja polepole. Kinachotangulia ni mazoea: saa ile ile, maneno yale yale, sauti ya mama au baba.

Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, mzazi humwekea mtoto mikono kichwani. Mvulana huombewa awe kama Efraimu na Manase, wajukuu wa Yakobo. Msichana huombewa awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kisha hufuata baraka ya makuhani, ya kuomba ulinzi na amani.

Hapo ndipo penye kazi. Kuna wiki mtoto amedanganya, amegoma kusoma, amejibu kwa kiburi. Lakini Ijumaa ikifika, baraka haingoji awe mwema kwanza. Mzazi ndiye anayelazimika kuishusha hasira yake, maana mikono iliyokunja ngumi haiwezi kubariki.

Sala ya namna hii haihitaji jengo. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanza kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Miaka ya 1970, Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Waliobaki waliendelea kusali kwa siri, na leo watoto wao huimba sala kwa Kiebrania na Kiganda.

Mzazi wa dini yoyote anaweza kuanza usiku huu: sala moja fupi ya imani yake, saa ile ile kila siku, mkono juu ya kichwa cha mtoto, na simu ikiwa chumba kingine.