Mtihani wa Kiingereza na Mzazi Asiyekijua



Akina mama wa Kibera na Kawangware huuliza: "Sheikh, nitamsaidiaje mwanangu wa kidato cha nne, nami Kiingereza sikijui?" Msaada wako wahitajika, mama, tena sana.

Mtihani huo una karatasi 3, jumla alama 200. Ya kwanza, alama 60, ni maandishi ya matumizi, kujaza mapengo, na matamshi, ambayo, ajabu, hujibiwa kwa kalamu. Ya pili, alama 80, ni ufahamu, shairi au ngano, sarufi, na dondoo la kitabu kilichoteuliwa. Ya tatu ina alama 60: insha ya kubuni 20, na vitabu vilivyoteuliwa 40. Ongeza 25 za lile dondoo, utaona alama 65 zimo ndani ya vitabu hivyo.

Basi ukimkuta binti ameinamia riwaya, usimwambie anapoteza wakati, wala usimtume maji. Kazi ndiyo hiyo. Na fedha zikiwa haba, nunua kitabu chenyewe kabla ya mwongozo wake. Sisi wa chuoni twajua kuwa sharhe bila matini haina pa kushika.

Baada ya Isha, mwambie akusimulie sura aliyoisoma, kwa Kiswahili: nani alitenda nini, na kwa nini? Akikwama penye "kwa nini", na arudi kitabuni. Msahihishaji naye atamdai ushahidi huo huo.